Mfuko kwa Kila Mlango

Shangazi yangu Ernestina aliishi peke yake mjini Botoșani, ghorofa ya tatu. Kila Ijumaa nilimpitia kumtakia Sabato njema.

"Umekula, shangazi?"

"Nimekula mpaka nimechoka. Kwani wewe polisi?"

Nikaamini.

Otilia Bercu hakuamini. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya misaada ya jamii yetu ya Wayahudi. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea wazee. Asubuhi moja alimkuta shangazi ameanguka jikoni. Kabatini kulikuwa na mkate mkavu na majani ya chai tu. Daktari alisema ni njaa.

"Bi Ernestina, chakula chako kipo ofisini kila wiki. Mbona huji?"

"Nisimame uani mwa sinagogi, niitwe jina kama mwizi mahakamani? Marehemu mume wangu alikuwa akitoa misaada pale pale! Bora nife."

Otilia alinivuta pembeni. "Shangazi yako hakatai chakula," alisema. "Anakataa kutangazwa. Dini yetu inafundisha kwamba anayetoa na anayepokea ni bora wasijuane. Sisi tunaita majina kwa sauti."

Kamati ya misaada ilikuwa ya wanaume saba. Wanawake walifunga vyakula, wanaume walipiga kura. Otilia aliomba kusema, akataka majina yasiitwe tena.

"Tunaita majina ili mtu asichukue mara mbili," alisema mwenyekiti, Mzee Leibovici. "Rudi kwenye viazi vyako, mama."

"Viazi nimeshafunga, mzee. Nani kati yenu amewahi kusimama kwenye ule mstari?"

Otilia akasogea hadi mezani kwao.

"Mimi nawajua wazee hawa, nimeingia majikoni mwao miaka kumi na moja. Nipeni niongoze ofisi ya misaada. Nikishindwa, nitoeni."

Alipata kura nne, pamoja na kiti kwenye kamati. Watatu walikataa.

Tangu hapo, kila nyumba ya Kiyahudi ilipelekewa mfuko uleule usio na jina, iwe ina shida au haina. Ndani mlikuwa na mkate wa Sabato, samaki na viazi. Aliyejiweza alirudisha chochote, pesa au chakula, kwenye kapu nyuma ya pazia ofisini, bila kuonwa.

Mfuko wa kwanza ulikwenda kwa mwenyekiti.

"Mimi nimekuwa maskini lini?" alifoka.

"Ukikataa wewe, mzee, wengine watapokeaje?"

Akapokea, amenuna.

Mimi nilimpelekea shangazi.

"Leibovici naye kapata?"

"Kapata."

"Basi weka mezani."

Wiki ya tatu alianza kulalamika. "Samaki gani huyu, miiba mitupu! Mwambie Otilia hajui kuchagua. Aniite mimi."

Otilia akamwita. Shangazi akawa mnunuzi wa ofisi, na baadaye mwanamke wa pili kwenye kamati.

Otilia aliongoza miaka kumi na minne. Tulimzika Machi mwaka huu. Watu walijaa makaburini, wakasimama bega kwa bega. Niliwatazama mmoja mmoja. Sikuweza kujua yupi alitoa na yupi alipokea.