Karanga za Mzee Asiye na Meno

Masukulu ni nchi ya mvua. Mvua ikianza huko, husahau kwenda kwao. Ndiyo maana kila nyumba ina desturi moja: kitu cha thamani hupandishwa darini, juu ya meko. Moshi wa kuni hufukuza wadudu na unyevu. Mbegu za mahindi hukaa huko, na maharage pia.

Mama mmoja, Felista, aliweka huko hata karatasi za nyumba yake, ndani ya kikapu. Kinachofaa mbegu, aliwaza, kitaidhuru vipi karatasi?

Felista alikuwa mjane. Chakula chake kilitoka katika shamba la migomba la bondeni. Shamba hilo baba mkwe wake alimgawia mume wake, tena kwa maandishi, mbele ya wazee wa kanisa. Majirani wote walilijua jambo hilo.

Siku moja shemeji yake, Amoni, alikuja na habari mbaya. Ilikuwa miaka ya tisini, miaka ya soko huria, na kila mtu alitafuta cha kuuza. Amoni alikuwa amepata mfanyabiashara wa mbao aliyetaka ardhi ya kupanda miti. Alisema kaka yake ameshakufa, basi shamba limerudi kwa ukoo.

"Shemeji, mimi sina ugomvi," alisema. "Alhamisi ijayo baraza la kata linakaa. Kama una hati, ilete. Kama huna, usinilaumu."

Felista alicheka moyoni. Hati anayo. Amoni alipoondoka tu, alipanda darini akakishusha kikapu. Karatasi ilikuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Alipojaribu kuikunjua ilivunjika. Alipojaribu tena, ikavunjika zaidi. Vipande vikaanguka mapajani mwake, naye akalia.

Jirani yake, Atuganile, alikuja mbio na selotepu. Kisha akasita. Alisema ni afadhali kwanza Felista avipeleke kwa Mzee Lazaro, kule Tukuyu mjini, katika chumba cha kumbukumbu za kanisa. Huyo hufufua karatasi zilizokufa.

Habari za Mzee Lazaro Felista alikuwa nazo, na hazikuwa nzuri. Mzee huyo alikuwa mmisionari. Alizeekea Ufipa akihubiri, kisha akastaafu na kurudi nyumbani. Sasa alifanya kazi kila siku katika chumba hicho, bila kulipwa chochote. Siku hizi ni nani anayefanya kazi bure? Watu walisema anauza karatasi za kanisa. Walisema pia kwamba hununua karanga kila siku, na mdomoni hana hata jino moja. Karanga za nini?

"Lisemwalo lipo," alisema Felista.

"Basi nenda Alhamisi na vipande vyako," alijibu Atuganile.

Kesho yake Felista alivifunga vipande kwenye kanga safi, akaenda Tukuyu.

Alimkuta mzee amevaa sweta lililotoboka viwikoni. Alikuwa akifungua madirisha, maana jua lilikuwa limechungulia kidogo.

"Mugonile, tata," Felista alimwamkia kwa Kinyakyusa, akimwita baba.

"Ee, ndaga, mwanangu. Nawa mikono kwanza. Ukaushe vizuri."

Felista alinawa, lakini macho yake yalizunguka kila pembe. Rafu zilisogezwa mbali na kuta, na chini ziliinuliwa juu ya matofali. Mzee alimulika tochi nyuma ya rafu akitafuta mchwa. Alifuta vumbi kwa brashi laini. Aliandika kwa penseli tu, kwa sababu wino ukimwagika haurudi. Chai yake ilikuwa nje barazani, inapoa. Mtu mwenye moyo mweupe angeona kazi nzuri. Felista aliona mtu anayejua sana thamani ya anachokilinda, na wasiwasi ukamzidi.

Mzee aliifungua kanga, akavitazama vipande kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unaiweka juu ya meko," alisema.

"Umejuaje?"

"Inanuka jiko. Wengi hufanya hivyo, hata mama yangu alifanya. Mbegu hupenda moshi, mwanangu. Karatasi haipendi. Moshi huikausha mpaka iwe kama jani kuukuu la mgomba. Umefanya vizuri hukutia selotepu. Ile hugeuka njano na kula maandishi. Niachie. Jumatano uje uchukue."

Niachie. Neno hilo lilimchoma Felista. Shamba lake lote lilikuwa pale mezani, kwa mtu anayesemwa vibaya mji mzima. Lakini angefanya nini? Aliacha vipande, akatoka, miguu mizito.

Hakwenda nyumbani. Alijibanza ng'ambo ya barabara, akangoja. Baada ya muda mzee alitoka na mfuko kwapani, akafunga mlango, akaelekea sokoni. Felista akamfuata kwa mbali, kanga ameivuta usoni.

Mzee alisimama kwa Marita, muuza karanga. Alitazama kulia na kushoto. Kisha akatoa karatasi mfukoni, bunda zima, akampa Marita. Marita akazificha chini ya meza. Naye akampa mzee vifurushi vya karanga, mzee akavitia mfukoni na kuondoka haraka.

Felista alimwendea Marita akanunua kifurushi kimoja, akakifungua. Karatasi ilikuwa ya zamani, yenye mwandiko wa wino. Yalikuwa majina ya watu waliobatizwa. Kwa hiyo ni kweli. Leo wanafungiwa karanga Wakristo wa zamani, kesho litafungiwa shamba lake.

Alirudi kule chumbani karibu anakimbia. Hakupiga hodi.

"Tata, nipe vipande vyangu," alisema. "Nimekuona kwa Marita. Unatuuza."

Alitupa ile karatasi ya karanga mezani. Mzee hakukasirika. Aliichukua kwa mikono miwili, akaisoma, uso wake ukang'aa.

"Umeipata wapi hii? Nimeitafuta tangu Pasaka," alisema.

Akamkalisha chini. Akafungua sanduku lililokuwa kando. Ndani mlijaa karatasi zilizonyooshwa vizuri, kila moja ina madoa ya mafuta ya karanga.

Mzee alimweleza yote. Zamani kidogo, kabla yeye hajarudi, watu walisafisha stoo ya kanisa. Waliona karatasi kuukuu, wakazigawa sokoni. Marita alipata magunia. Sasa mzee humpelekea magazeti ya kufungia, na Marita humrudishia karatasi za kanisa. Zile ambazo zimeshafungiwa karanga, mzee huzinunua na karanga zake.

"Na mbona unajificha?" Felista aliuliza.

"Tuko kwenye soko huria, mwanangu. Wauzaji wengine wakijua kanisa linazitaka, karatasi moja itauzwa bei ya jogoo. Wacha waseme mimi ni mwizi."

"Na karanga?"

"Kuku wangu wamenenepa," alisema mzee, akacheka, ufizi wote ukaonekana.

Felista aliona haya. Aliomba radhi, na mzee akamwambia ashike brashi badala ya kulia.

Siku zile alijifunza. Vipande vilifunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana, vikalainika. Mzee akavipanga, akaviunga kwa karatasi nyembamba na uji wa unga wa ngano. Kisha vikalazwa kati ya mbao mbili na mawe juu. Hati ilipokauka, walitoa nakala mjini, wakaipeleka kwa hakimu igongwe muhuri. Mzee alisema hati isiyo na nakala ni mtoto wa pekee, akiugua nyumba nzima hailali.

Alhamisi Amoni aliitazama hati, akasema imeungwa, huenda imetungwa. Mwenyekiti wa baraza akaipitisha kwa Mzee Jotham, shahidi pekee wa hati aliyekuwa bado hai. Jotham aliisogeza karibu na macho.

"Hii sahihi ni yangu," alisema. "Na wewe Amoni ulikuwepo. Ndiwe uliyeshika kalamu ya baba yako."

Amoni aliinamisha kichwa. Shamba likabaki kwa Felista.

Leo darini kwa Felista mna mbegu tu. Hati ziko chumbani, zimelazwa ndani ya bahasha, ndani ya sanduku la mbao, mbali na moshi, ukuta na sakafu. Hazifungwi kwenye nailoni, maana hutoa jasho. Jua likitoka, sanduku hufunguliwa lipate hewa kivulini. Nakala iko kwa Atuganile, na ya Atuganile iko kwa Felista. Nyumba nyingi za Masukulu zimefuata.

Siku za soko Felista hununua karanga kwa Marita. Kifurushi hukisoma kwanza. Karatasi ikiwa ya kanisa, humpelekea Mzee Lazaro, pamoja na bakuli lililofunikwa. Ndani ya bakuli mna karanga zile zile, amezitwanga mpaka zikawa laini kabisa.

"Ndaga fijo," husema mzee akishukuru, huku akitafuta kijiko. "Kuku watanichukia."