Mpera Uliovalishwa Nguo

Mwaka 1956 kila mtu katika mtaa wa Kadiri, pale Gisenyi, alijua namna ya kula pera la nyumbani kwa Kadiri. Unaliokota chini. Unalipasua. Unatazama funza wako wapi. Kisha unakula upande mwingine, kama upande mwingine upo.

Kadiri alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, karibu na mpera mkubwa uliosimama kando ya njia. Mama yake aliupanda mwaka aliozaliwa Kadiri. Siku aliyoupanda aliweka nadhiri: pera likianguka, ni la mpita njia. Watu wa nyumbani wasiliguse. Basi mapera yalianguka, yakalala, yakaoza. Inzi wakajaa. Wateja wakaacha kukaa barazani kungoja nguo zao.

Asubuhi moja Mukarugwiza, muuza samaki wa Nyamyumba, alitua beseni lake. Akaokota pera, akalipasua, akalitupa.

"Fundi, hii muti yako inazaa funza tu," alisema.

Kadiri aliona aibu kubwa. Mchana huohuo aliazima shoka.

"Mama, unisamehe," alisema. "Kesho nakata hii muti."

Mama yake aliinuka. Alikwenda kuketi chini ya mpera wake, akakataa hata chakula.

Jioni Wellars alikuja kuchukua suruali yake. Wellars alikuwa monita wa kilimo, kazi yake kufundisha wakulima. Aliona shoka. Akamwona na mama mzee chini ya mti.

"Ngoja kwanza, Fundi," alisema. "Funza haitoke kwa muti. Inzi jike anatoboa pera ikiwa bado mubichi, anaweka mayai ndani. Mayai ndiyo inakuwa funza."

"Inzi gani? Hapa iko mingi."

"Bon, tumuite aje, tumuone." Wellars akamgeukia Nyirasafari, mke wa Kadiri. "Shemeji, we unapika mikate. Leta hamira."

Nyirasafari alicheka. "Inzi naye anataka mukate?"

"Anataka ile harufu. Mbele ya kuweka mayai iko na njaa sana. Anatafuta chakula ya kumupa nguvu. Akisikia hamira, anakuja mbio."

Wakachukua kopo tupu la maziwa na kifuniko chake. Wellars akalitoboa matundu madogo ubavuni. Nyirasafari akatia maji, kijiko cha hamira na sukari kidogo. Wakalitundika kivulini, katikati ya majani. Shoka likaegemezwa ukutani kungoja.

Siku chache baadaye walimwaga maji ya kopo juu ya kitambaa cheupe. Nyumba nzima iliinama kutazama. Inzi waliozama walikuwa wengi ajabu.

"Hizi ndogo za kahawia muziache," Wellars alisema. "Zinafuata tunda iliyooza. Adui ni huyu."

Alikuwa inzi wa manjano, mdogo kuliko inzi wa nyumbani. Mabawa yake yalikuwa na michirizi na madoa.

"Amevaa kitenge," alisema Kadiri. Miaka yote alishona karibu na inzi huyo bila kumjua.

Furaha ikamzidi. Alitundika makopo kila tawi. Kila mteja aliambiwa kwamba vita vimekwisha. Lakini wiki iliyofuata makopo yalijaa inzi wa kitenge kuliko kwanza. Kadiri akamwita Wellars, uso umemshuka.

"Kopo haiwezi kumaliza wote," Wellars alimwambia. "Kazi yake ni kukupa habari. Inzi wamefika, wameongezeka, wamepungua. Leo inakuambia wanazaliwa hapahapa."

Akachukua jembe, akachimbua udongo chini ya mpera. Humo mlikuwa na vitu vidogo vya kahawia, kama punje za mchele.

"Funza anatoka katika pera iliyoanguka," alisema. "Anaingia katika udongo, anageuka hivi. Kisha anatoka inzi. Donc, kwa hiyo, mapera ya chini muokote kila siku. Muzike katika shimo ya kufika magoti."

Wote wakamtazama mama mzee. Nadhiri ilikuwa yake: watu wa nyumbani wasiyaguse.

Mama aliokota punje moja, akaiweka kiganjani. Akaigeuza kwa kidole.

"Donc miaka yote hii nilikuwa natoa sadaka ya funza," alisema.

Nyirasafari akamshika mkono. "Mama, tuweke kikapu hapa kando ya njia. Tuchume mapera mazuri, tutie ndani. Mupita njia atapata yake."

Mama akainuka. "Kadiri, rudisha hiyo shoka ya watu. Kamata jembe."

Shimo likachimbwa siku hiyohiyo. Kila asubuhi waliokota mapera, wakayazika. Kuku wakaachiwa udongo uliochimbuliwa wale zile punje, nao hawakubembelezwa. Kila wiki Nyirasafari alibadilisha hamira, akatazama kopo. Inzi wa kitenge wakapungua, wakapungua tena.

Mpera ukazaa upya. Mapera yakiwa bado mabichi, Nyirasafari aliona inzi wa kitenge koponi.

"Wamefika," alimwambia mumewe.

Hapo Kadiri akaona kazi yake. Alikusanya vipande vya vitambaa vilivyobaki, akashona vifuko vidogo vingi sana. Akavalisha mapera, moja moja, akafunga kwa uzi, inzi asipate pa kutoboa. Pera hili lina maua, lile lina mistari, lingine limevaa kipande cha suruali ya Wellars. Watu walisimama njiani kucheka. Wakasema fundi amekosa wateja, sasa anashonea miti. Kadiri alicheka nao, mguu haukutoka kwenye cherehani.

Mapera yalipoiva, mama alijaza kikapu kwa mikono yake, akakiweka kando ya njia. Mukarugwiza akapita na beseni lake. Akachukua pera, akalipasua, akatazama. Akageuza nusu ya pili, akatazama tena. Barazani cherehani ikanyamaza.

Mukarugwiza akala nusu zote mbili. Kisha akachukua pera la pili, akaling'ata bila kulitazama.