Jogoo wa Mtani

Soko la Singida siku hiyo lilijaa hadi mtu anakanyaga kivuli cha mwenzake. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, enzi za ruksa, mitumba imemwagika kila kona. Dorika, ndani ya gauni la maua mekundu, alikuwa amepanda juu ya robota akiwanadia watu mashati, ndipo akaona baiskeli inasukumwa na kijana mrefu, tenga la kuku nyuma yake.

"Kuku wa wapi hao?" aliuliza.

"Wa kwetu, Iramba," kijana akajibu kwa majivuno.

Maskini, hakujua alichojitakia. Dorika alikuwa Mnyaturu wa Ilongero, na Mnyaturu na Mnyiramba ni watani tangu enzi za mababu. Mtani huchukua kitu chako mchana kweupe, akakusema hata msibani, nawe huna ruhusa ya kununa. Dorika alizamisha mkono tengani, akaibuka na jogoo mwekundu.

"Asante, mtani. Leo Wanyiramba mmefanya la maana."

Wauzaji wakaangua kicheko. Kijana akamtazama jogoo wake, akamtazama binti, kisha akachomoa shati la mistari ya bluu kwenye fungu na kulivaa palepale juu ya lake.

"Anayejua kuchukua ajue na kutoa. Naitwa Simeoni."

"Nani kakuuliza jina? Mimi nitakuita Mnyiramba tu."

Ndivyo walivyoanza. Kila siku ya mnada Simeoni alipita penye mashati kwanza, kuku baadaye. Jogoo naye akanenepa uani kwa shangazi yake Dorika, pale mtaa wa Utemini. Pasaka ilipofika shangazi akanoa kisu, Dorika akasema jogoo huyo halii vizuri, huenda ni mgonjwa, aachwe. Shangazi alimtazama usoni, akarudisha kisu jikoni.

Jumapili moja baada ya kanisa, Dorika aliazima baiskeli ya kaka yake, Phoenix, akamfuata Simeoni kwenye tuta la reli ya zamani. Reli yenyewe iling'olewa siku za Waingereza. Likabaki tuta lake, limelala vizuri, likipita katikati ya vilima vya mawe na kuufuata mto hadi huko kwao Simeoni. Kule hakuna gari wala vumbi la gari. Unakanyaga pedali, maji yanang'aa chini yako, alizeti zimekugeuzia nyuso ng'ambo, na upepo unakujaa kifuani hadi unasahau bei ya robota.

"Mnyaturu, unaendesha kama unafukuza ng'ombe!"

"Na wewe unaendesha kama umeiiba hiyo baiskeli. Maana mnajulikana!"

Walipumzika kwenye nguzo za daraja la zamani, miguu majini. Simeoni akafungua kibuyu, akatoa kipande cha sega la asali.

"Kula, mpenzi."

"Umesemaje?"

"Nimesema kula, mchoyo."

Dorika alikuwa amesikia vizuri sana. Akawa analamba vidole kimoja kimoja ili asionekane uso.

Mwezi wa saba simu ikaja. Simu ya karibu ilikuwa dukani kwa Mzee Abdulazizi, muuza vifaa vya ujenzi, na siku hiyo duka lilikuwa limefurika mafundi.

"Dorika, mwanangu! Simu yako, kutoka Kiomboi!"

Laini ilikuwa mbovu, ikabidi Simeoni apige kelele, na sauti yake ikamwagika hadi kwenye mifuko ya saruji.

"Dorika! Nataka kuja na mjomba wangu! Kuposa!"

 Mafundi wakabaki na misumari viganjani, masikio wima. Dorika alisikia utamu umempanda hadi utosini, na papo hapo aibu ikamvaa. Akisema ndiyo, kabla ya jioni Utemini nzima itakuwa inapiga vigelegele. Ulimi ukakimbilia ulikozoea.

"Mnyiramba wewe! Kwetu binti haposwi kwa vifaranga! Na huyo mjomba mwambie aoge kwanza!"

Mafundi walicheka hadi wakashikana mabega. Upande wa pili simu ikakatika. Dorika akasema ni laini tu, akarudi kwenye mashati yake akiimba.

Mnada ukapita, Simeoni hakuja. Ukapita wa pili. Wa tatu akaja mwenzake Gerald, peke yake na matenga yake.

"Kanuna, dada," alisema. "Tangu ile simu hasemi na mtu. Kesho anashuka mjini kupanda lori, anakwenda machimboni Kahama. Anasema harudi."

"Kanuna?" Dorika akacheka. "Tangu lini mtani akanuna?"

Akaliweka chini shati alilokuwa akilinadi. Mtani hanuni. Aliyenuna, basi siku ile hakuwa mtani. Alikuwa mwanamume anayeposa, ameshika simu kwa mikono miwili, naye Dorika akamgeuza kichekesho cha wanunua misumari.

"Mungu wangu," alisema, "nimefanya nini mimi?"

Angeweza kumngoja kwenye lori. Lakini hapo pangejaa watu, na mbele ya watu ulimi wake haukuwa wa kuaminika. Asubuhi alivaa gauni la maua mekundu, akamfunga jogoo nyuma ya Phoenix, akashika tuta.

Hakuona mto wala alizeti. Aliona tu mbele, tuta tupu baada ya tuta tupu. Je, kama amepita barabarani? Je, kama ameshapanda? Kila kona ilimpa tumaini na kumnyang'anya. Jua lilikuwa limeshachoma mabega yake alipofika kwenye nguzo za daraja, akaona shati la mistari ya bluu linakuja, na nyuma yake badala ya tenga kuna begi.

Simeoni alifunga breki. "Mnyaturu. Unakwenda wapi?"

Dorika alishuka kwenye baiskeli. Alimfungua jogoo, akamnyoosha kwa mikono miwili. "Namrudisha."

Uso wa Simeoni ukaporomoka. Mtani harudishi alichochukua. Kurudisha ni kukata utani.

"Basi imekwisha," alisema, akaanza kufungua vifungo. "Chukua na shati lako."

"Acha shati! Nisikilize." Pumzi zilimpaa. "Nisamehe."

Mkono wa Simeoni ukaganda kwenye kifungo. Watani huambiana yote isipokuwa neno hilo. "Umesemaje?"

"Nisamehe. Watu walikuwa wanasikiliza, nikaona haya, nikajificha kwenye utani. Nilifurahi hadi nikarudi kwenye mashati naimba. Namrudisha jogoo kwa sababu sitaki tena kuwa mtani wako. Hapa hakuna duka. Sema tena."

Simeoni alirudisha kifungo. "Nataka kukuoa, Dorika."

"Nakubali."

Simeoni akangoja mkia wa mzaha ufuate. Haukufuata.

"Nakubali, Simeoni."

Dorika hakuwahi kumwita kwa jina hata siku moja. Simeoni aliketi chini juu ya tuta kama mtu aliyetuliwa gunia, akashusha pumzi, akacheka huku anafuta macho kwa mkono wa shati. Dorika akakaa pembeni yake, jogoo katikati yao.

"Na lori?" aliuliza baadaye.

"Liende." Simeoni alimpapasa jogoo mgongoni. "Huyu atarudi kwenu Jumapili, na mjomba."

Dorika aliuma ulimi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, akalizuia kwa nguvu zake zote hadi mashavu yakamvimba. Simeoni akamwona, akamsaidia.

"Nitahakikisha ameoga," alisema.