Nafasi Niliyoiacha Chini ya Mengineyo

Nina miaka arobaini na sita, ni mama wa watoto watatu, na ninaishi Sombetini, hapa Arusha. Mama yangu mzazi analala chumba cha wanangu, kwenye kitanda ambacho hakukichagua. Mimi ndiye niliyemtoa nyumbani kwake... kwa mkono wangu huu wa kulia!

Ndugu zangu, mimi nilikuwa katibu. Katibu wa kwaya, katibu wa kamati ya wazazi, katibu wa kila kikao cha ukoo wetu. Nina mwandiko mzuri na nilijua kuringa nao. Aliyeandika muhtasari ovyo nilimkaripia mbele za watu: ukimaliza piga mstari mpaka chini, usiache nafasi kabla ya saini! Kumbe mganga hajigangi.

Baba alipofariki alituachia nyumba katikati ya mji. Nyumba ya zamani, bati limeshika kutu, lakini ua ulikuwa mpana, na nyuma ya jiko mama alikuwa na migomba minne aliyoileta mwenyewe kutoka Machame. Majirani wote walishajenga ghorofa. Jua lilitufikia mchana tu, tena kwa muda mfupi. Mama hakujali. Alisema pale atatoka akiwa amebebwa.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu. Nitamwita Eli. Kwa desturi yetu, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na ndiye anayemtunza mama. Sikuwa na kinyongo. Nilimbeba mgongoni yule!

Baada ya mazishi ukoo ulikaa uani kumteua msimamizi wa mirathi. Eli aliteuliwa bila ubishi. Mimi niliandika, kama kawaida. Tulipofika ajenda ya mwisho, Mengineyo, machalari, zile ndizi zetu za kupikwa na nyama, yalishaiva na wajomba walikuwa wanaangalia saa, wasije wakakosa gari la kurudi Moshi.

Eli akaniinamia. "Dada, hapo acha nafasi. Watie saini kwanza wazee wasichelewe, mengineyo utajaza baadaye."

Nikaacha... nusu ukurasa mzima, mimi, mwalimu wa kupiga mistari! Wajomba wakasaini. Nikasaini. Mama hajui kusoma. Hakuitazama karatasi, alinitazama mimi.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

Akachovya dole gumba kwenye wino, akabandika. Eli akachukua karatasi akatoe kopi, mimi nikaenda kupakua chakula. Nikasahau kabisa. Nani huwa anakumbuka mengineyo?

Miezi ikapita. Siku moja mama akanipigia simu kwamba kuna bango limepigiliwa kwenye geti, nije nimsomee. Nikaenda, nikamsomea. Maombi ya kujenga ghorofa sita za makazi kwenye kiwanja chetu! Waombaji, mdogo wangu na mwenzake mwenye mtaji. Mwenye pingamizi aende halmashauri.

Nilimpigia Eli pale pale. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza zaidi. Alisema ukoo mzima uliridhia, na muhtasari niliuandika mwenyewe.

Nilipeleka pingamizi. Kamati ya halmashauri ikatuita, nikaenda na mama, amevaa kitenge chake cha kanisani. Ukutani waliweka picha ya jengo, nzuri, ina vioo na miti. Nilitafuta jiko la mama kwenye ramani. Palipokuwa na migomba paliandikwa: maegesho ya magari.

Diwani mmoja alisema mji unakua, nafasi zilizobaki katikati lazima zijazwe, watu wanahitaji nyumba. Ningembishia nini? Alisema kweli! Watu wanahitaji nyumba. Na mama yangu je, si mtu?

Ndipo afisa akanionyesha muhtasari wangu. Chini ya Mengineyo, kwa mwandiko ulioiga wangu, paliandikwa kwamba familia imeridhia nyumba ibomolewe, na mama atahamia Kisongo, nje ya mji, kwenye chumba cha kupanga.

Nilipiga kelele kwamba sikuandika yale! Afisa, dada mpole tu, akaniuliza kama saini ni yangu. Ilikuwa yangu. Na mwandiko wa juu ya karatasi je? Wangu. Kisha akamgeukia mama.

"Shikamoo mama. Hili dole ni lako?"

Mama akanitazama mimi, kama siku ile.

"Kama ameandika mwanangu, ni langu."

Mwenyekiti akasema kamati inaangalia nyaraka, ugomvi wa familia una mahakama yake. Maombi yakapita.

Mahakamani nilikuwa tayari kwenda, hata polisi. Mama akakataa. Alisema hakuzaa watoto wawili ili mmoja amfunge mwenzake. Ningefanya nini? Nimburuze? Siku ya kubomoa alikaa kwenye kiti barabarani, amepakata chipukizi moja la mgomba ndani ya ndoo. Chumba cha Kisongo alikikataa, nikamleta kwangu. Eli hajakanyaga hapa mpaka leo.

Mama hajawahi kunilaumu. Laiti angenitukana! Juzi wanawake wa jumuiya walileta fomu ya kujiandikisha kliniki ya macho. Nilimjazia vizuri, kwa mwandiko wangu ule ule, nikamletea wino. Akakunja vidole.

"Iweke hapo mezani, mwanangu. Nitamngoja Mama Neema wa jirani aje anisomee."

Nikaiweka mezani. Nikaenda nyuma kumwagilia mgomba, nikalia huko.

Wasomaji wenzangu, nawasihi, hasa ninyi mnaoaminiwa kalamu na ndugu zenu. Wajomba na wakose gari! Chakula na kipoe! Usitie saini juu ya karatasi yenye nafasi, hata kama anayekuomba uliwahi kumbeba mgongoni. Piga mstari mpaka chini, kisha msomee mama yako kila neno kabla hajachovya dole. Mimi nilikuwa nalijua hilo kuliko wote, na fomu ya mama yangu bado ipo mezani, inamngoja Mama Neema.