Mkono wa Cleofas Kwenye Kasha Namba Saba

Jumatatu ya pili baada ya mazishi ya Cleofas Archuleta, glavu ya kushoto ya kasha namba saba ilikutwa imekunja ngumi.

Glavu za makasha hayo hazikunji ngumi. Hewa ya ndani ya kasha huvutwa muda wote ili vumbi la plutoni lisipate njia ya kutoka, kwa hiyo zile glavu nene za raba, zilizofungwa kwenye matundu mawili ya ukuta wa kioo, hunyonywa kuelekea ndani na kubaki zimenyooka, vidole wazi, kama mikono ya mtu anayepapasa gizani. Orlinda Maestas alikuwa na miaka kumi na mmoja katika maabara ile ya mlimani, kaskazini mwa New Mexico, na hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Akageuka kutazama kama kuna anayemtazama. Kisha akaingiza mkono, akaikunjua kama mtu anayekunjua soksi, akaanza kazi.

Kazi yao ilikuwa vidonge. Plutoni ya aina ile si ya mabomu. Inatoa joto yenyewe, miaka na miaka, bila kuchochewa na mtu. Unga wake unashindiliwa uwe kidonge cha ukubwa wa kipande cha mshumaa mnene, kinaokwa kwenye tanuri, kinavikwa ganda la chuma, halafu kinatiwa ndani ya jenereta isiyo na injini wala kelele: upande mmoja joto la kidonge, upande wa pili baridi ya anga, na umeme unapatikana katikati. Jenereta ya safari hii ilikuwa inakwenda kwenye mwezi mmojawapo wa Zohali, ambako jua ni nukta tu. Nayo ingebeba bamba dogo lenye majina ya wote walioshindilia vidonge vyake.

Bamba ndilo lililoleta balaa.

Vidonge vya Cleofas havikuwahi kupasuka. Vya Orlinda, kimoja katika kila vitatu kilitoka tanurini na ufa wa unywele kikarudishwa kuwa unga. Cleofas alikuwa akipaka mikono yake mafuta ya waridi kabla ya kuvaa glavu, taratibu, kama bibi harusi, huku akimweleza mwenzake kosa lake. "Una mikono ya kukandia mkate, mdogo wangu. Hivi vinataka kubembelezwa." Alisema kwa upole kabisa. Ubaya wake ulikuwa hapo. Mtu mwenye dharau unaweza kumchukia ukalala usingizi wako.

Ijumaa yake ya mwisho Cleofas alishindilia vidonge vinne. Orlinda alikuwa mwenzake wa zamu, maana hakuna anayeachwa peke yake na plutoni. Jumamosi gari la Cleofas likateleza kwenye barafu, kwenye kona ya barabara ya kushukia bondeni. Jumanne tanuri likafunguliwa: vinne vizima, havina hata mchirizi. Lakini sheria ya pale ni kwamba aliyeshindilia ndiye anayetia saini baada ya kuokwa, na kidonge kisicho na saini kinayeyushwa. Bwana Tveit, mkuu wa zamu, aliuliza vinne hivi ni vya nani.

Orlinda alisema ni vyake. Alijiambia anaviokoa, na ni kweli aliviokoa. Ni kweli pia kwamba alipomaliza kuandika jina lake mara nne alijisikia kama mtu aliyeshiba kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Siku ya pili baada ya ile ngumi ilikuja harufu. Waridi, na ilitoka ndani ya kasha. Kasha halitoi harufu. Likitoa harufu limetoa na vumbi, na likitoa vumbi unavuliwa nguo zote na kusuguliwa ngozi mpaka ulie. Orlinda aliita mpimaji wa mionzi. Mpimaji alipitisha kifaa chake kila mahali, akasema pako safi, na yeye hasikii harufu yoyote. Nestor Archibeque, mwenzake mpya wa zamu, ambaye wiki ya msiba alikuwa milimani akiwinda kulungu, alimuuliza kama amepata bwana anayemletea maua.

"Maana kuna kitu kimekubadilisha," alisema. "Vinne kwa mpigo bila ufa? Wewe? Dada, mimi vidonge vyako navijua."

Alikuwa anatania, au alitaka aonekane anatania.

Ikafuata mashine ya kupimia mikono. Kila unapotoa mikono kwenye glavu unaiweka kwenye mashine hiyo, inahesabu mpaka kumi, inawaka taa ya kijani, unakwenda zako. Jumatano Orlinda alipima, akapata kijani, akapiga hatua mbili, na nyuma yake mashine ikaanza kuhesabu tena, polepole, moja mpaka kumi, ikawaka kijani, kama kwamba aliyefuata kwenye foleni naye amepima na yuko safi. Nestor aliona. Toka siku hiyo aliacha habari za maua.

Alhamisi, saa nne asubuhi, taa zote zikiwaka na Nestor amesimama hatua tatu tu kutoka pale, Orlinda aliingiza mkono wa kushoto kwenye glavu akakuta mna mkono mwingine. Haukuwa baridi, kama watu wanavyosimulia habari za wafu. Ulikuwa wa moto, moto wa kitu kilichokaa jirani na kidonge siku nyingi, laini kwa mafuta, na vidole vyake vilipita katikati ya vidole vya Orlinda kimoja kimoja, bila haraka, kama vya mtu anayemfundisha mwenzake kushika sindano, vikakaza, na alipotaka kuvuta vikakaza zaidi, na ndipo akasikia, si kwa masikio bali kwa mfupa wa kiganja, kucha zikianza kukwaruza raba kutoka ndani, mahali pamoja, mbele nyuma, mbele nyuma, pale ambapo tundu la sindano tu lingetosha kumwingizia plutoni kwenye damu, nayo ikiingia haitoki mpaka mtu azikwe nayo.

"Nestor," alisema kwa sauti ndogo sana. "Usinishike. Sema tu jina lake."

"Jina la nani?"

"Unajua la nani."

Nestor alinong'ona, "Cleofas." Mkono ukaachia.

Kule watu husema ni roho ya marehemu. Sisi tungesema ni jini aliyevaa sura ya marehemu. Tusigombanie jina. Kumwingiza mganga maabara kungetaka miaka miwili ya kuchunguza ukoo wake, na mganga wa bondeni, doña Predicanda, yaani Bibi Predicanda, alikuwa na kaka ambaye asingepita uchunguzi huo. Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, Orlinda alimfuata nyumbani kwake.

Yule mama alimketisha jikoni, akampitishia yai bichi mwilini, kuanzia utosini, akiomba kwa sauti ya chini, akalizungusha mara tatu kwenye kiganja cha kushoto chenye alama nyekundu tano za vidole. Kisha akaligonga ukingoni mwa glasi ya maji ili lidondoke humo lisomwe. Halikudondoka. Lilikuwa limeiva mpaka kiini.

Doña Predicanda aliliweka mezani.

"Mwanangu, umechukua nini cha mtu?"

Orlinda alimweleza yote, hata ile shibe.

"Basi huyo hana chuki na wewe, ana wivu. Mwenye chuki ningemfukuza. Mwenye wivu haondoki mpaka aone chake kimerudi mkononi mwake. Kirudishe."

"Nikisema, wananitoa kwenye kasha. Sina kazi nyingine ninayoipenda duniani."

"Na usiposema? Wiki hii amekukwaruza tu."

Jumatatu Orlinda alikwenda kwa Bwana Tveit, akasema vinne vile ni vya Cleofas na saini ni ya uongo. Bwana Tveit alinyoosha mkono apewe kitambulisho, akasema anasikitika, na pengine alisikitika kweli. Kamati ilikaa wiki sita. Ilipima vidonge upya, ikavikubali, na jina la Cleofas likachorwa kwenye bamba. La Orlinda likafutwa kote, hata kwenye vile vichache vilivyokuwa vyake kwa haki. Toka hapo mashine ilihesabu mara moja tu. Waridi likakoma. Kasha namba saba akapewa Nestor.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, Orlinda alikuwa jikoni kwake akimenya pilipili za kijani zilizotoka kuchomwa, bonde zima likinuka moshi wake. Alikuwa ameshasikia kwamba vidonge vya Nestor havipasuki, na kwamba jina lake litachorwa chini ya la Cleofas. Alikuwa akiliwaza jambo hilo kila siku, asubuhi, kuanzia saa ya zamu kuanza. Simu ikalia kwenye kabati. Akaibonyeza kwa kiwiko.

"Dada Orlinda." Sauti ya Nestor ilikuwa ya chini mno, kama ya mtu aliyeomba ashikiwe simu sikioni. "Uko wapi sasa hivi?"

"Jikoni. Kuna nini?"

Nyuma yake mashine ilikuwa ikihesabu.

"Kasha linanuka pilipili ya kuchoma," alisema. "Toa mkono wako, dada. Nakuomba. Glavu itachanika."

Orlinda alitazama mezani. Bakuli lilikuwa kushoto, kisu kulia. Mikono yake yote miwili ilikuwa imenyooka mbele yake, vidole wazi, haijagusa kitu, na ule wa kushoto ulikuwa wa moto. Akajaribu kidogo kuuvuta. Ukaja, bila shida yoyote, angeweza kuutoa kwenye ile glavu.

Akaurudisha. Akavipata vidole vya Nestor, kimoja kimoja, akakunja ngumi.