Wageni Wanane wa Bibi Harusi

"Wanane?" Corinne alishtuka, simu iko mkononi, fundi anampima kiuno. "Gareth, shangazi zangu peke yao ni sita!"

"Mpenzi, ukumbi mdogo. Sheria za zimamoto haziruhusu watu wengi. Mimi nifanyeje?"

Sauti ya Gareth ilisikika duka zima la magauni, maana Corinne alikuwa ameweka spika ili bibi yake naye asikie habari za harusi. Bibi Ionie alikuwa ameketi kwenye kochi, mkoba mapajani. Alitoka Barbados akiwa msichana, akaja Uingereza kusomea uuguzi, na ndiye aliyemlea Corinne hapa Birmingham baada ya mama yake kufariki.

"Na watu wa kwenu?"

"Sabini hivi. Si unajua kijijini wote wanajuana? Usinune bwana. Nakupenda."

"Nakupenda pia."

Corinne akaiweka simu kwenye kiti ili fundi amalize kazi. Gareth naye akadhani ameikata yake. Hakuwa amekata.

"Umemwambia?" Ilikuwa sauti ya Maureen, mama yake Gareth, yule anayemwita Corinne "mwanangu" kila Krismasi.

"Nimemwambia. Kaamini."

"Afadhali. Ukumbi unaingiza watu mia mbili, mimi ningemdanganya vipi?"

Baba mtu, Clive, akadakia, "Wakija wote, kijiji kitadhani tumevamiwa!"

Wakaangua kicheko. Corinne alisubiri Gareth awakemee. Akaisikia sauti ile ile inayomtakia usiku mwema ikisema:

"Yule bibi yake kafuta wagonjwa mavi maisha yake yote. Mkalisheni karibu na choo, atajiona yuko nyumbani."

Fundi akaacha kupima. Bibi Ionie akanyoosha mkono, akaikata simu mwenyewe.

"Bibi..."

"Vua gauni la watu, mama. Usije ukalililia."

"Lakini anakula kwako kila Ijumaa! Samaki wako anaomba aongezwe!"

"Nilipokuja nchi hii waliandika kabisa kwenye madirisha ya nyumba za kupanga kwamba weusi hawatakiwi. Unasoma, unapita zako. Hawa wa sasa wanakunywesha chai kwanza."

Kesho yake, Jumapili, Corinne akaendesha gari hadi Lincolnshire, kijijini kwa kina Gareth. Bibi alikataa kubaki nyumbani. Walipofika, akabaki garini mbele ya nyumba, kofia yake ya kanisani kichwani.

Familia ilikuwa mezani, nyama ya kuoka inakatwa.

"Mwanangu! Mbona hukusema unakuja?" Maureen akasimama. "Clive, lete sahani."

"Sikuja kula. Gareth, jana hukukata simu."

Gareth akawa mwekundu hadi masikio.

"Umesikia nini?"

"Yote. Na bibi yangu alikuwa amekaa pale pale. Kasikia na habari za choo."

"Corinne, ule ulikuwa utani tu."

"Na ninyi mnasikilizaje mazungumzo ya watu?" Clive akaingilia, bado anatafuna.

"Sijaja kwako, Clive. Gareth, miaka yote unaniambia Uingereza ya leo haina ubaguzi, eti mimi naona visivyokuwepo. Haya, bibi yuko nje. Twende ukamwombe radhi. Sitaki kingine."

Gareth akamtazama mama yake.

"Usimfokee mwanangu ndani ya nyumba yangu," Maureen alisema, asali yote imemkauka mdomoni. "Tumekupokea vizuri. Wengine hapa wasingekufungulia hata mlango."

"Gareth? Unamsikia mama yako?"

Akashusha pumzi kama mtu aliyechoshwa na mtoto.

"Unaona sasa? Ndiyo maana watu wanawachoka. Ninyi kila kitu mnakigeuza ubaguzi."

"Sisi kina nani?"

Clive akajimiminia mchuzi.

"Nakuuliza mwanaume niliyetaka kuzaa naye. Sisi kina nani?"

Gareth aliinamia sahani yake. Corinne akaivua pete, ikagoma kwenye kiungo cha kidole, akaivuta kwa nguvu mpaka ngozi ikachubuka. Akaiweka mezani na kutoka.

Akaingia garini, akafunga mlango.

"Anakuja?" Bibi Ionie aliuliza.

"Tumpe dakika, bibi. Mbele ya wazazi wake aliona aibu. Atakuja, namjua."

Mlango haukufunguliwa. Ng'ambo ya barabara, jirani alisimama na mbwa wake akiwakodolea macho. Simu ikalia. Corinne akaidaka haraka, uso umechangamka. Ulikuwa ujumbe wa Gareth:

"Tafadhali ondoa gari mbele ya nyumba. Majirani wanaangalia."

Akausoma. Akaurudia, pengine kuna neno limempita.

"Kasemaje?" bibi aliuliza.

Corinne akawasha gari.

"Kasema twende, bibi."