Mwanamume wa Koti la Njano

Jumamosi mchana foleni ya duka la samaki wa kukaanga, Mtaa wa Sabini na Tisa, Chicago, hufika hadi nje, na harufu ya kambare hukupokea kabla hujauona mlango. Humo alisimama Delphine Tolliver, mchoraji, gauni la kijani limemkaa kiunoni, turubai kubwa la kuchorea kwapani. Aligeuka kuchukua haradali, pembe ya turubai ikamgonga mtu begani.

"Dada, hiyo picha ina ugomvi na mimi?"

"Samahani, kaka. Haijazoea watu wanaosimama karibu hivyo."

"Basi nionyeshe uso wake, nijue namshitaki nani."

Huyo alikuwa Cornelius Broadnax, mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, fidla mgongoni. Delphine akaigeuza picha: jiko la zamani, wanawake wawili wanachambua mboga, na mlangoni mwanamume wa koti la njano. Ilikuwa bado haijakamilika. Cornelius akasahau kuagiza samaki.

"Huyu wa mlangoni anaingia au anatoka?"

"Ukijua, nijulishe," Delphine akasema, akacheka kidogo.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufikia vuli mtaa mzima wa Chicago kusini ulikuwa unawatania. Cornelius aliipiga picha ile kwa simu yake, akaanza kuitungia muziki wa fidla peke yake, bila piano wala ngoma. Wanawake aliwapa nyuzi nyembamba, za haraka kama vidole vyao. Yule wa mlangoni akampa uzi mnene, anakuja polepole, anafika nyumbani. Moyoni alishaamua kwamba mtu yule ni yeye. Mwanamume akipenda hujiona kila penye suruali.

"Umekula, laazizi?" humuuliza kwenye simu.

"Nimekula rangi."

"Nikupigie kipande kidogo tu?"

"Thubutu! Mimi nitasikia siku ya maonyesho ya kanisani, na wewe utaiona picha imekamilika siku hiyohiyo."

Kisha Cornelius akapata kazi kwenye okestra, Detroit. Alipomwambia, Delphine alisema "Hongera, mpenzi," akazungumzia hali ya hewa.

Maonyesho yalifanyika Jumapili baada ya ibada, ukumbi wa chini wa kanisa, akina mama na kofia zao kubwa mbele. Cornelius akapanda jukwaani, akainua macho kwenye picha. Wanawake walikuwapo, mboga zilikuwapo. Mlangoni hapakuwa na mtu. Palipakwa buluu tupu.

Akapiga hivyohivyo. Alipofika kwenye uzi mnene aliuvuta upinde kwa nguvu mno, na bibi mmoja akaita kumtia moyo, "Taratibu, mwanangu! Mungu anakuona!" Akamaliza, akafunga fidla, akatoka bila kumuaga mtu.

Tangu hapo kila Delphine alipompigia simu, haikupokelewa. Kila mmoja, kwake, alilala na kuamka na mwenzake moyoni. Delphine alikuwa akisafisha brashi ambazo hakuzitumia, na sauti ya ule uzi mnene ikimrudia jikoni, ngazini, hata bafuni. Mwisho alifunga kitambaa kichwani, akavaa buti, akaenda kumgongea Cornelius mlango.

"Umekuja kufanya nini?" Cornelius aliuliza, bado ameshika kitasa. "Umenifuta, Delphine. Mbele ya kanisa zima."

"Nimekufuta wewe? Tangu lini una koti la njano?"

Cornelius akaachia kitasa.

"Yule ni baba yangu, mjinga wewe. Alitoka na koti lile nikiwa mtoto. Mama akaambiwa mvumilivu hula mbivu. Akavumilia mpaka tukamzika, mbivu hakuiona. Kila nikichora jiko, namweka mlangoni. Uliponiambia Detroit nikasema basi, nimechoka na wanaume wa milangoni. Nikapaka buluu."

"Na mimi nikampigia muziki wa kurudi," Cornelius akasema taratibu.

"Ulimrudisha, Cornelius. Nimekaa pale mbele ya watu, nikamsikia akivua viatu." Akalia waziwazi, kilio cha mtoto, na Cornelius akamvuta ndani, akamkumbatia mpaka kitambaa kikamwanguka. Walikuwa wamekosana sana, na walikuwa wametamaniana zaidi.

"Kwa hiyo nisiende?" aliuliza baadaye.

"Nani kasema usiende? Mtu umehangaika na huo ubao wako wa nyuzi tangu utotoni."

"Utanisubiri?"

"Sitakusubiri."

Uso wa Cornelius ukasawijika. Delphine akamshika kidevu, akakiinua.

"Kusubiri kulimmaliza mama, mimi sirithi. Treni zipo. Kila Ijumaa nitapanda na rangi zangu, nije mwenyewe. Wewe ndiye utakayekaa huko Detroit ukiangalia mlango."